Mafuta Chini ya Vigae

Kila alasiri, masomo yakiisha, Emilienne na wasichana wenzake wa darasa la tano walikwenda kuosha sakafu ya ghala la zamani la mawese, pale Kasongo. Ghala lilikuwa linageuzwa kuwa nyumba ya kuzalia, na akina mama wa vijiji vya mbali waliisubiri kwa hamu. Taabu ilikuwa sakafu yenyewe. Saruji ile ilikuwa imekunywa mafuta kwa miaka ishirini, na juu ya mafuta kigae hakishiki.

Fundi Assumani, mwashi mzee wa mjini, aliichimbachimba kwa patasi ili iwe na mikwaruzo, kisha wasichana wakaisugua kwa maji ya majivu. Majivu na mawese hutoa sabuni, kila mtoto wa Kasongo anajua, kwa hiyo povu likitoka mafuta bado yamo.

"Musiache mpaka povu iishe," aliwaambia. "Halafu nitaweka tone ya maji. Ikisimama, mutarudilia. Ikizama, nitaweka kigae."

Emilienne alipewa pembe yalipokaa zamani mapipa ya mafuta. Alisugua siku nne. Povu halikuisha, majivu yakamchubua vidole, na wenzake waliokwisha maliza wakamtania kwamba atazeekea pale. Siku ya tano uchovu na hasira vilimshinda. Aliokota vumbi la simenti, akalipaka sakafuni kwa kiganja. Assumani alipodondosha tone lake, maji yakazama mara moja.

"Umefanya kazi, mutoto wangu," alisema. Emilienne aliona haya, akachukua ndoo yake akaenda nyumbani.

Wiki mbili baadaye msimamizi wa ujenzi, Mbelgiji aliyeitwa Bwana Gérard, alikuja kukagua. Kwenye ile pembe vigae vililia kama debe tupu chini ya kiatu chake. Aliinama akang'oa kimoja kwa vidole tu.

"Simenti iko wapi, Assumani? Umeiba! Leo utalala mu buloko!"

"Sikuiba, Bwana. Hata mufuko moja."

Polisi akaitwa ampeleke gerezani. Emilienne alisimama mlangoni na ndoo yake. Aliogopa fimbo, aliogopa mwalimu, na zaidi ya yote aliogopa macho ya mzee yule. Angenyamaza, nani angejua? Kisha Assumani akavua kofia yake, akanyoosha mikono ifungwe kamba.

"Njo mimi, si yeye!" Emilienne alipiga kelele. "Njo mimi nilifunika mafuta na vumbi. Baba Assumani hana kosa!"

Bwana Gérard alinusa mgongo wa kigae. Mawese matupu. Akamrudisha polisi, akatoa siku tatu kazi irudiwe, akaenda zake. Radhi hakuomba.

Vigae vya pembe ile viling'olewa vyote. Assumani alipiga magoti kando ya Emilienne, wakasugua pamoja, majivu yakiwachubua vidole wote wawili. Siku ya tatu povu lilikatika, vigae vikalazwa upya vikashika.

Ndipo mzee akasema, "Kuchoka si kosa. Ungeniambia, ningekuongezea watu. Lakini ulinificha, nami nikajenga juu ya uongo wako. Kila kazi iko chini ya kazi ya mwingine, mutoto wangu. Ukiidanganya yako, njo yeye ataanguka."