Ladha ya Maji ya Gasenyi

Katika kijiji chote cha Lweba, kando ya ziwa, hakuna mtu anayejua maji kama mimi, Renilde. Nipe kikombe, nifunge macho, nitakuambia kama yametoka ziwani, mtoni au bombani. Hata nesi aliyesoma miaka mingi hanifikii. Basi, mwaka jana maji hayo hayo yalinilaza kitandani, na nesi huyo huyo akawa ananihesabia safari zangu za chooni.

Wakati huo mjukuu wangu Nella alikuwa na miaka kumi na miwili. Kila asubuhi kabla ya shule alichukua bidoni, dumu letu la njano la maji, akapanga mstari bombani na watoto wengine. Maji ya pale hutiwa dawa, na mimi niliyalalamikia kila siku.

“Yananuka hospitali,” nilimwambia. “Kwetu Gasenyi maji yalitoka chini ya jiwe. Baridi! Na mwishoni yalikuwa na kautamu fulani.”

Gasenyi ni kilima chetu cha Burundi, ng’ambo ya ziwa. Tulikimbia kutoka huko Nella akiwa na miaka mitatu, mgongoni mwangu. Mama yake tulimwacha kaburini. Siku ambazo hewa ni safi, milima ya upande ule huonekana kutoka ufukweni, karibu kiasi kwamba unataka kumwita mtu aitike. Nella hakukumbuka chochote cha kule, kwa hiyo aliniuliza mimi: mlango wa nyumba ulitazama wapi, mama aliimba nini, maji yalikuwaje. Nami nilijibu. Pale niliposahau, nilijibu kwa sauti kubwa zaidi.

Asubuhi moja alinipa kikombe, akasimama mbele yangu kama anayesubiri matokeo ya mtihani.

“Onja, koko.” Ndivyo watoto wa hapa wanavyowaita bibi zao.

Nikaonja. Yalikuwa baridi, bila harufu ya dawa. Na mwishoni, kautamu!

“Nella! Haya ni ya Gasenyi! Umeyatoa wapi?”

“Kwenye kijito, kule juu nyuma ya mashamba. Ni meupe, koko, unaona mpaka mchanga wa chini.”

Nilipaswa kumkataza. Badala yake nililia, nikaomba kikombe cha pili. Kuanzia siku ile bidoni ilipita mbele ya bomba bila kusimama. Nella alichelewa shuleni mara mbili, lakini hakujali. Alipenda kunitazama nikinywa kuliko kunywa mwenyewe.

Siku ya tano tumbo langu likafunguka, likakataa kufungwa. Kufikia mchana sikuweza kusimama. Jirani yetu Bertin alinipakia kwenye pikipiki mpaka kituo cha afya, na Nella akakimbia nyuma yetu na bidoni kichwani, maana alijua nitaona kiu.

Nesi Arlette alinitazama macho, akanivuta ngozi ya mkono.

“Mama Renilde iko na kiu sana. Munateka maji wapi?”

“Bombani,” Nella akasema haraka, hata kabla sijafungua mdomo.

Arlette alifungua bidoni, akanusa.

“Mutoto, maji ya bomba yana harufu. Haya hayana hata kidogo. Sema kweli, nijue namna ya kumusaidia koko yako.”

Nella alitazama midomo yangu iliyokauka, akaanza kulia. “Ni ya kijito. Lakini ni meupe, nesi! Niliyaangalia vizuri!”

Arlette hakumgombeza. Alichukua pakiti ya chumvi na sukari wanayopewa wenye kuhara, akaimimina kwenye lita moja ya maji safi, akakoroga mpaka ikapotea.

“Uko unaona chumvi?”

“Hapana.”

“Onja.”

Nella akakunja uso. “Iko ndani!”

“Ndiyo. Maji yanayeyusha vitu, jicho lisivione. Na kuna vijidudu vidogo kuliko punje ya chumvi, navyo vinakaa humo bila kuonekana. Maji kuwa meupe haimaanishi kuwa ni safi.”

“Koko atakufa?”

“Akinywa hii pole pole, na nyingine nitakayotengeneza, hatakufa.”

Nilikunywa siku mbili. Ladha yake ni ya machozi yaliyotiwa sukari, na kila kikombe kilishikwa na Nella. Hakuniuliza habari yoyote ya Gasenyi. Hilo liliniuma kuliko tumbo.

Jumamosi, nilipopata nguvu, Arlette alikuja nyumbani. “Twende tukaone maji yale yanatoka wapi.”

Tukapanda kufuata kijito, mimi nyuma na fimbo yangu. Juu kidogo ya mahali alipoteka Nella, mbuzi walikuwa wakinywa, na mbuzi hatafuti choo. Juu zaidi kulikuwa na choo cha watu, kimejengwa kwenye mteremko. Na kupita hapo, kwenye vidimbwi vya kijito, magunia ya mihogo yalikuwa yameloweshwa, povu juu, harufu ya uchachu puani.

Arlette akapitisha mkono hewani kutoka kilele cha mlima mpaka ziwani. “Mvua ikinyesha hapa, maji yote yanatafuta njia ya kushuka. Yanabeba kila kitu yanachokutana nacho. Tunachofanya huku juu, watu wa chini wanakinywa.”

Nella alikuwa ameinamia gunia moja. Lilifungwa kwa kipande cha kitenge cha kijani chenye picha za ndege.

“Koko, hiki si kitenge ulichonibebea siku ile tulipovuka?”

Ndicho. Mashimo ya chini ya kuloweka mihogo yalikuwa yamejaa magunia ya wenzangu, nikaona nipande na langu huku, nani atajua? Kautamu kale nilikokalilia mbele ya mtoto kalikuwa ka mihogo yangu mwenyewe ikichacha.

“Ni langu,” nikasema. Arlette alicheka mpaka akakaa kwenye jiwe.

Nililitoa gunia siku ile ile, na bamama wengine wakatoa yao. Tukachimba mashimo mapya bondeni, mbali na kijito. Mwenye choo naye alikihamisha. Nella alirudi kwenye mstari wa bomba, na Arlette akamwonyesha kuyaacha maji kwenye mtungi wenye kifuniko mpaka kesho yake, harufu ya dawa ipungue.

“Usimudanganye mutu anayekutibia,” alimwambia. “Na ukimupenda koko, mutafutie maji safi, si maji ya kumufurahisha tu.” Kisha akaonyesha ziwa. “Vijito vya Gasenyi navyo vinashuka mlima wao, vinaingia humu humu. Maji ya kwenu na ya kwetu yanakutana pale.”



Juzi hewa ilikuwa safi, milima ya ng’ambo ikaonekana. Nella akaniletea vikombe viwili mlangoni.

“Koko, wewe unajua maji kuliko wote. Kipi kinafanana na Gasenyi?”

Nikaonja cha kushoto. Nikaonja cha kulia. Nikafunga macho, nikalitafuta lile jiwe, ile baridi. Nikatafuta sana.

“Cha kulia,” nikasema kwa sauti kubwa. “Nakumbuka kama jana!”

Nella akaketi kando yangu, akaegemeza kichwa begani mwangu.

“Vyote nimevichota kwenye mtungi mmoja, koko.”