Mvuke wa Sauna Darini

Kila Jumamosi jioni familia ya Lahti iliingia sauna, chumba cha mvuke wa moto, wakakaa humo mpaka mifupa ikalegea. Mzee Eino aliijenga mwenyewe chini ya nyumba, zamani akiwa mchimba shaba. Hapa kaskazini mwa Michigan, Marekani, unaweza kulisema vibaya gari la mtu. Sauna yake huigusi.

Mwaka huo baridi ilikuja kwa ukali. Wesley, mwanawe Eino, akapanda darini na mafurushi ya pamba ya kioo ya kuzuia baridi, akaishindilia mpaka kwenye kingo za paa.

"Sasa tutaota joto mpaka tuchoke!" alitamba.

Thubutu. Nyumba ilibaki baridi. Matone meusi yakaanza kuanguka kitandani kwa Eino, na dari ikaota ukungu. Vumbi la mgodi lilikwisha kuyala mapafu ya mzee. Sasa alikohoa mpaka akalazwa hospitali.

"Akirudi kwenye chumba kile, mtamzika," daktari alimwambia Irja, mke wa Wesley.

Irja aliogopa sana. Akamwita jirani yao, Marlene Kangas, ambaye kazi yake ni kukinga nyumba na baridi. Marlene alivaa barakoa, akapanda, akamulika tochi.

"Wesley, nani alikushauri uongeze pamba?"

"Kichwa changu."

"Basi kimelowa kama pamba hii! Pamba iliyolowa haizuii baridi. Tena umeziba matundu ya hewa ya paa. Na bomba la mvuke wa sauna linaishia humu humu darini, mvuke hauna pa kutokea."

Wesley alishusha sauti. "Bomba aliliweka baba. Nani atamwambia?"

"Mimi," Irja alisema.

Hospitalini, Eino alihema kwa hasira. "Sauna yangu?"

"Ndiyo, baba. Mvuke wake ndio unaokuua. Siwezi kukuficha."

Mzee akageukia ukutani.

"Toboeni paa, basi," alisema.

Wesley na Marlene walitoa pamba yote iliyolowa na mbao zilizooza. Bomba likapitishwa mpaka nje ya paa. Marlene akaziba kila ufa wa dari, akaacha njia za hewa kwenye kingo. Kisha akajaza karatasi zilizosagwa na kutiwa dawa ya kuzuia moto, kina cha kutoka vidoleni mpaka kiwiko, mbali na bomba la moshi wa jiko.

"Kwa nini si pamba?" Wesley aliuliza.

"Pamba kavu nayo inafaa. Hizi zinaingia vizuri kwenye pembe za nyumba kuukuu. Lakini chochote utakachochagua, kwanza toa mvuke nje, kausha, ziba nyufa."

Mapafu ya Eino hayakupona. Yaliyoharibika yameharibika. Lakini msimu uliofuata chumba chake kilikuwa kikavu na chenye joto, na hakulazwa tena.

"Niliijenga vizuri," alimwambia Irja. "Nilikosea bomba moja tu."

"Moja tu, baba. Nusura tukuzike nalo."

Eino akacheka mpaka akakohoa. Irja akamshika mkono, akasubiri kwa hofu mpaka pumzi ikarudi.