Karibu na Kwetu

Hamida alipiga hodi kwenye jengo tupu, na jengo likamwitikia: "Karibu."

Kwanza alicheka. Ilikuwa Ijumaa mchana, mwaka 2004, juu ya mlima mmoja wa Hatta. Madam wake wa Oud Metha, Dubai, aliyemwajiri kazi za ndani, alitaka wanawe waione nyumba kongwe ya kutazamia nyota, iliyofungwa miaka mingi. Watoto walizikataa ngazi, wakabaki garini na mama yao. Zulia na birika la chai havikuwa na ruhusa ya kukataa. Wakavipandisha Hamida na dereva, Chacha.

"Umesikia? Kuna Mswahili humu!"

"Mswahili gani mlimani huku, dada? Labda kamkimbia kafeel wake, bosi aliyemdhamini."

Ndani hapakuwa na mtu. Palikuwa na darubini ya shaba chini ya turubai, na harufu ya udi uliochomwa sasa hivi. Kisha paa la kuba, paa la chuma lililoshikwa na kutu, ambalo nyaya zake za umeme zilikuwa zimekatwa zinaning'inia ukutani kama utumbo wa mbuzi, likaanza kujizungusha, krrr, krrr, polepole, kama mtu anayegeuza shingo amwone vizuri mgeni wake.

Chacha aliacha zulia, kiatu na ujasiri wote wa Tarime.

Hamida kicheko kilimfia. Adabu haikufa. Akarudi kinyumenyume akisema alivyofundishwa kusema kila anapoaga: "Ahsante, tumekaribia. Karibu na kwetu."

Krrr ikakoma.

"Kwenu wapi?"

"Pangani," ulimi ukajisemea, "kwa Bi Nana, nyuma ya msikiti."

Bi Nana ni mama yake. Miaka saba hawajaonana, na mama macho yameshapofuka. Kila simu ombi lilikuwa moja: nikuguse uso, mwanangu, kabla sijafa. Na kila mwaka madam, pasi ya kusafiria ya Hamida ikiwa kabatini mwake, alijibu: "Inshallah, mwakani."

Jumapili, ajabu, madam akasema, "Khalas, Hamida. Alhamisi utakwenda."

Hamida alikimbia hadi mtaa wa Satwa kwenye kibanda cha simu, akachomeka kadi.

"Mama! Nakuja! Alhamisi!"

"Nani mwenzangu?"

"Hamida, mama!"

"Acha masihara, binti. Hamida kafika tangu juzi Ijumaa, kapiga hodi mwenyewe. Yuko hapa ananisuka."

Miaka saba ya inshallah. Na jini, lisilo na kafeel wala pasi, likaenda kwao siku ile ile.

"Mama, mtoe! Huyo siye!"

"Nimemgusa uso," mama akasema, sauti imejaa furaha ambayo Hamida hakuwahi kumpa. "Mwanangu namjua. Haya, zungumza naye mwenyewe."

Simu ikabadilishwa mkono. Kwa mbali, krrr, kitu kilijizungusha. Kisha ikaja sauti ya Hamida mwenyewe, na lafudhi yake yote ya Pangani:

"Ahsante, nimekaribia. Karibu na kwetu."