Cheti Nilichokiandika

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, nilikuwa na kazi tatu: kuteka maji, kufagia uwanja na kumtafuta baba. Mbili za kwanza zilikuwa rahisi. Baba ungemkuta popote palipo na pombe ya gongo, wakati mwingine hata viatu hana. Watu wa kijiji chetu cha ujamaa, kule Handeni, walizoea kumcheka. Mimi, Shida, nilikuwa na miaka kumi na miwili, na sikuona cha kucheka.

Basi ilipokuja habari kwamba kijiji kipeleke mtu mmoja Korogwe, akajifunze kwa wiki sita kuwahudumia walevi wanaotaka kuacha pombe, nilifurahi kuliko wote. Akachaguliwa Mjomba Kibwana, kaka yake mama.

Siku ya nne tu, huyo, karudi! Alinikuta peke yangu jikoni.

"Shida mwanangu, kule wanataka tufue mashuka ya matapishi na kukesha na watu wanaotetemeka. Mimi siwezi."

"Sasa kijijini utasema nini, mjomba?"

"Nitajificha kwa rafiki yangu kijiji cha Masuguru mpaka wiki sita ziishe. Wewe una mwandiko mzuri, niandikie cheti. Bila cheti hawataniruhusu kumtibu baba yako."

Hapo aliniweza. Niliandika kwamba Kibwana amehitimu mafunzo, nikagonga hata mhuri kwa kizibo cha soda nilichokipaka wino. Mungu anisamehe.

Wiki sita zilipokwisha, mjomba alirudi kijijini kifua mbele. Jumatatu asubuhi akamfungia baba kwenye ghala la mahindi na kutia kufuli. "Siku saba bila tone," alimwambia mama, "atatoka mtu mpya." Mama, maskini, akamshukuru.

Jumatano nilipotoka shule nilichungulia kwenye ufa wa mlango. Baba alikuwa akitetemeka mwili mzima, jasho linamtiririka, anajipangusa mikono bila kukoma.

"Shida, nitoe siafu hawa! Wamenijaa!"

Hakukuwa na siafu hata mmoja. Nikamkimbilia mjomba.

"Hiyo ni pombe inatoka," alisema, lakini macho yake hayakutulia. "Na wewe funga mdomo. Ukisema neno utafukuzwa shule. Mwandiko ni wako, si wangu."

Nilibanwa kweli kweli. Nikisema, mjomba ameaibika na shule nimeikosa. Nikinyamaza, baba yuko mle ndani. Nikamsikia akiniita tena, sauti imemkauka. Nikatimua mbio mpaka zahanati kwa muuguzi, Mama Rosina.

"Shikamoo, Mama. Mjomba kamfungia baba ghalani ili aache pombe. Na mjomba hakujifunza! Alikaa siku tatu tu. Cheti niliandika mimi."

"Marahaba. Baba yako hajanywa tangu lini?"

"Tangu juzi asubuhi."

"Ala! Mnataka kumwua?"

Hakungoja ufunguo. Aliwaita vijana wakavunja kufuli, tukamkuta baba ameanguka, degedege limemshika. Trekta la kijiji likafungwa tela, Mama Rosina na mama wakapanda naye mpaka hospitali Korogwe. Siku tatu nilikaa sijui kama nina baba au sina.

Alipona. Kwenye mkutano wa kijiji mjomba alikiri kila kitu, akaamriwa arudi Korogwe kuanza mafunzo upya, mashuka na yote. Mimi sikufukuzwa, ila mwalimu mkuu alinitaka nikisome kile cheti mbele ya shule nzima, nami nieleze nilivyokiandika. Heri angenichapa viboko.

Siku baba aliporudi, amekonda lakini anatembea mwenyewe, Mama Rosina aliniita pembeni.

"Mlevi wa miaka mingi hafungiwi akaachwa," alisema. "Mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla, mtu anaweza kufa. Anaulizwa, anaangaliwa, anatibiwa hospitali, kisha anafuatiliwa nyumbani miezi mingi. Hayo ndiyo mjomba wako aliyoyakimbia."

"Mimi nilitaka baba apone tu," nilisema, machozi yakinitoka.

"Najua, mwanangu. Na uliposema kweli ulimwokoa. Lakini cheti ni ahadi kwa mgonjwa kwamba aliyekishika anajua anachokifanya. Mlipoandika uongo, Shida, karatasi haikuumia. Aliyeumia ni baba yako."