Dirisha la Chumba cha Darrin

Zege lilikuwa bado halijakatwa, mistari ya chaki ikahama. Ndivyo mambo yalivyoanza katika nyumba ya mzee Duane Haugen kule Duluth, mji wa theluji. Jumatatu fundi Lyle alichora mstatili kwenye ukuta wa chumba cha chini ya ardhi, usawa wa kifua, pale ambapo dirisha la kutokea lingekatwa. Jumanne aliporudi na msumeno wake, mstatili ulikuwa umeshuka hadi karibu na sakafu.

"Mzee, siku hizi umekuwa fundi?" Lyle akacheka. "Hapo chini atatoka nani, sungura?"

"Sijagusa ukuta wako, bwana. Magoti haya hata ngazi zimeyashinda."

Ni magoti hayo yaliyoleta habari yote ya dirisha. Duane na mkewe Marlys walitaka kuuza nyumba wahamie penye ngazi chache. Dalali akawaambia waziwazi: chumba cha chini kisicho na dirisha la kutokea moto ukiwaka, huku hakihesabiwi chumba cha kulala. Wekeni dirisha, nyumba ya vyumba viwili iwe ya vitatu, bei ipande.

Dalali hakujua alilolisema, maskini. Chumba kile Duane alimjengea mwanawe wa pekee, Darrin, alipofikisha miaka kumi na sita. Akatandika zulia, akaweka hita, akaacha kidirisha kimoja chembamba juu kabisa, paka mwenyewe angepita kwa shida. Na dirisha la kutokea? "Nitaliweka theluji ikiyeyuka," alisema. Theluji ikayeyuka, yeye akaenda zake kuvua samaki. Hakuwa mtu mbaya, Duane. Alikuwa mtu wa kesho tu, na kesho zake zilimponza mwingine. Februari iliyofuata, saa kumi jioni, Darrin amelala baada ya mazoezi ya mpira wa magongo, hita ikaliwasha zulia na ngazi zikajaa moto. Wazima moto walimkuta sakafuni chini ya kile kidirisha. Sasa ni miaka ishirini na miwili.

Lyle akafuta chaki, akachora upya. Akachimba shimo la nje hadi usawa wa sakafu ya chumba, kisha akashuka ndani na msumeno. Ilipofika saa kumi akasikia kucha zikikuna ukutani.

"Mna panya humu, mzee?"

"Panya gani ndani ya zege?"

Wote wawili wakatega sikio. Kucha zilikuna taratibu, halafu haraka, halafu kwa pupa, na ikaja harufu ya zulia lililolowa likiungua, na nyuma yake harufu kali ya ile dawa ya kuchua misuli ambayo haikuwa imeingia nyumba hiyo tangu kijana azikwe, na mbele ya macho yao mistari ya chaki ikaanza kuteremka ukutani, polepole, kana kwamba kiganja kilikuwa kikiikokota, ikashuka ikashuka mpaka ilipofika pale ilipokuwa asubuhi, na hapo kucha zikaanza kukuna ndani ya mstatili wenyewe.

"Yesu wangu," Lyle akanong'ona. "Humo mna mtu."

"Mwacheni!"

Alikuwa Marlys, amesimama kwenye ngazi na kapu la nguo. Hakuonyesha kushangaa hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha Duane kuliko kucha.

"Wewe... wewe ulikuwa unajua?"

"Kila siku huja saa hii," alisema. "Nashuka, nakunja nguo, nakaa naye. Ulidhani nguo za watu wawili hufuliwa kila siku?"

"Miaka ishirini na miwili mwanangu anakuna ukuta atoke, wewe unakunja mataulo?"

"Alikuwepo, Duane!" Akashuka, akalitua kapu sakafuni. "Wewe ulikuwa na kaburi. Mimi nilikuwa naye. Ukilifungua hilo dirisha ataondoka, nitabaki na nini mimi?"

Duane alilia kama watu wazima wanavyolia, bila kujifuta. Hatimaye akageuka.

"Lyle, kata."

"Nikate wapi, mzee?"

"Pale anapotaka yeye. Kwenye moshi mtu hutambaa. Mwanangu alikuwa anatambaa."

Marlys angeweza kujibwaga mbele ya ule ukuta, na miguu yake ilitaka kabisa. Kucha zilikuwa zinakuna bila kupumua sasa, na kwa mara ya kwanza akazisikia zilivyo: hazikuwa salamu kwa mama, zilikuwa za mtoto anayekosa hewa. Akaketi juu ya kapu lake, akaziba masikio. Msumeno ukanguruma. Duane akazunguka nje, akashuka shimoni kwa magoti yake mabovu, na kipande cha zege kilipoangukia nje, upepo wa baridi ukaingia na nuru ya jioni.

"Darrin!" Duane alikuwa amepiga magoti, mikono yote miwili ndani ya tundu. "Njoo, baba. Njoo, nimechelewa lakini nipo." Mara mikono yake ikalemewa. "Nimempata! Nimem... hatoki. Marlys, amekwama. Anarudi ndani. Anakutafuta wewe!"

Lyle alikuwa kashajibana kwenye kona, amefumba macho. Marlys akatambaa hadi kwenye tundu. Hakuona kitu. Akapapasa hewani, akakuta nyayo mbili za baridi, moja ina soksi, nyingine haina, na vidole vya miguu vikajikunja kwenye kiganja chake kama alivyovijua tangu siku alipomzaa. Angevuta kidogo tu, angebaki naye.

"Nenda, mwanangu," akasema. "Nenda, mama yupo."

Akaweka bega chini ya nyayo zile, akamsukuma kwa nguvu zake zote.

Harufu ikakatika. Ukutani kimya. Kule shimoni Duane alikuwa amekumbatia hewa, akihema.

"Alisimama kidogo?" Marlys akauliza kupitia tundu. "Aligeuka?"

Duane alitamani kumdanganya. Wallahi alitamani.

"Hapana, mama Darrin. Alikuwa na haraka."