Kisomadamu na Binti wa Ukoo wa Nyuki

Kisomadamu kilinyonya tone moja kutoka kidoleni mwa Jesang, kikanguruma kidogo, kisha taa yake ikawaka nyekundu. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama. Tangu asubuhi vijana wa Kisengwer walikuwa wakipita mbele ya mtambo huo, nao ukimtajia kila mmoja ukoo wake. Aliyetambuliwa alipewa haki ya kurudi katika msitu wa Kapterik, walikofukuzwa wazazi wao.

"Damu hii si ya ukoo wa nyuki," mtambo ulisema kwa Kisengwer safi. "Asili haijulikani."

Yator, mhandisi kijana aliyeuunda, aliuzima haraka. Naye alikuwa wa ukoo wa nyuki, ule ule ambamo Jesang alilelewa. Yeye na Jesang walikuwa wamependana muda mrefu bila kuthubutu kutamka, maana watu wa ukoo mmoja ni ndugu, hawaoani.

Akamvuta kando. "Kumbe sisi si ndugu!" alinong'ona, macho yakimng'aa. "Nikikuoa, utaingia msituni kama mke wangu. Sheria inaruhusu."

Jesang alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Alitoka nje alikokuwa baba yake, Mzee Kibor.

"Baba, mtambo umenikataa. Mimi ni wa nani?"

Mzee alimketisha kando yake. "Tulipofukuzwa, tulimkuta mama yako njiani, wewe ukiwa mgongoni. Nikamwoa. Wazee wakakunyoa nywele, wakakupa jina katika ukoo wangu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, mama? Ulikuwa na baba."

Jesang alirudi ukumbini akifuta machozi.

"Nakupenda, Yator," alisema, kwa mara ya kwanza. "Lakini nikiingia kwa mlango wako, nitakuwa nimemkana mzee yule. Mtambo wako unauliza damu tu. Uongezee swali: nani alikulea?"

"Unajua nikiongeza utakuwa nani kwangu?"

"Najua."

Yator aliinamisha kichwa. Kisha akaenda kuwaomba ruhusa wazee wa kamati iliyotoa vibali vya kurudi msituni, wakampa. Akaketi, akaufundisha mtambo kupokea ushahidi wa ukoo. Mzee Kibor akaingia, akasimama mbele ya mtambo, akatamka jina la binti yake.

Taa ikawaka kijani. Vijana watatu waliokuwa wamejibanza ukutani, wakiogopa kupimwa, wakasogea mbele.

Yator alimkabidhi Jesang kibali chake.

"Karibu nyumbani," alisema. "Dada."