Kabati la Mitihani na Binti wa Fundi Kufuli

Mimi ni fundi kufuli. Nachonga funguo na kutengeneza vitasa. Mtu akiniletea ufunguo, kwanza namuuliza, "Mlango wa nani huo?" Mke wangu husema nashuku hata kivuli changu. Aseme tu. Kazi yenyewe ndiyo iliyonifundisha.

Jumatatu mchana simu iliita. Alikuwa mwalimu wa hesabu wa binti yangu.

"Mtihani ulikuwa kabatini, nimeufungia kwa kufuli," alisema. "Binti yako amemaliza kwa dakika nane. Amepata yote, na hakuonyesha njia hata swali moja. Na wewe ni fundi kufuli. Au nakosea?"

Binti yangu ana miaka kumi. Tunamwita Chapuchapu kwa sababu hatulii. Kufuli dogo analifungua kwa waya. Nilimfundisha mwenyewe, tena kwa kujisifu! Mwalimu alisema keshokutwa kikao cha shule kingeamua. Wakisema ni mwizi, anafukuzwa.

Aliporudi, sikuitikia hata salamu yake. Nilimwaga begi lake mezani. Nikahesabu vyuma vyangu vya kufungulia. Vyote vilikuwepo. Bado roho haikutulia.

"Ulifungua kabati la mwalimu?"

"Hapana, baba."

"Majibu uliyapata wapi?"

"Yalikuja tu kichwani."

"Kichwani! Unaniona mjinga?"

Alirudisha vitu vyake kwenye begi, kimoja kimoja, huku analia.

Jioni jirani yetu wa ghorofani alikuja kuchukua ufunguo wake. Tunamwita Profesa. Ni mama mtu mzima, amestaafu kutoka chuo alikokuwa akifundisha walimu. Mke wangu akamweleza yote. Profesa akaomba daftari la hesabu.

"La nini?" nikauliza.

"Nisome tu, fundi." Akafunua kurasa. Pembeni pote palijaa michoro. "Kazi ameimaliza mapema, halafu anachora. Huyu amechoka kungoja wenzake. Nitakuja kikaoni."

Nikajiuliza, huyu naye anatafuta nini kwetu?

Jumatano tuliketi ofisini kwa mwalimu mkuu. Mwalimu wa hesabu aliweka kufuli lake mezani. Nililigeuza. Halikuwa na mkwaruzo. Lakini mtu niliyemfundisha mimi asingeacha mkwaruzo! Nikalirudisha mezani.

"Mwandikie swali la darasa lake," Profesa akamwambia mwalimu.

Mwalimu akaandika ubaoni. Kabla hajashusha chaki, Chapuchapu akataja jibu.

"Njia iko wapi?" mwalimu akauliza.

"Sijui. Nimeona tu."

"Mnasikia wenyewe!"

"Sasa tunga la madarasa mawili mbele," Profesa akasema.

Mwalimu akatunga. Chapuchapu akakaa kimya. Mwanangu ametulia! Akaandika mstari mmoja, kisha wa pili. Akakosea, akafuta kwa kiganja, akaanza upya. Nusu ya ubao ikajaa. Mwalimu akakagua mara mbili.

"Ni sahihi," akasema polepole.

"Swali hilo umelitunga hapa hapa," Profesa akasema. "Hakuna kabati alilofungua. Na njia uliyoitaka ni hiyo. Kwenye swali jepesi haihitaji, ndiyo maana haandiki."

Kisha akashusha pumzi. "Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, nilimtoa darasani mtoto kama huyu. Nilimwita mwizi. Hakurudi shule tena. Miaka thelathini nimefundisha walimu kwa sababu yake."

Mwalimu mkuu akasema, "Hapa hakuna mwizi."

"Nina watoto hamsini na watano," mwalimu akasema. "Nitunge kazi hamsini na tano?"

"Hapana. Somo ni moja, kazi tatu. Kabla ya mada mpya, wape maswali matano uone nani anajua nini. Anayejua, mpe swali la kumfikirisha, si rundo la maswali yale yale. Wa katikati, mpe kazi ya kawaida. Aliyekwama, kaa naye, mpeleke hatua kwa hatua. Na makundi yabadilike kila mada. Anza na kipindi kimoja kwa wiki."

Mwalimu alinuna, lakini alianza. Mwezi haukuisha, watoto waliokuwa wamekwama wakaanza kunyoosha mikono. Chapuchapu kwenye hesabu yuko mbele. Kwenye insha, loo! Anakaa na mwalimu, hatua kwa hatua.

Mimi nilibaki na jambo moja. Kila akirudi, mwanangu aliweka begi wazi mbele yangu na kusema, "Kagua, baba." Kila siku. Iliniuma sana.

Siku moja nikalifunga begi. "Nilikukosea, mwanangu. Nilikuhukumu kabla hujavua viatu. Nisamehe."

Alinitazama kwa jicho la kushuku, jicho langu hasa. Kisha akalifungua tena, akatoa daftari.

"Basi tazama swali hili, baba. Siku ya pili leo limenishinda!"

Na alikuwa anacheka.